Sifuri Nukta Tatu Moja

Chumba changu hakina dirisha. Ghorofa ya pili, Dundee,
Januari, saa kumi alasiri na jua limeshafunga virago.
Kazi yangu kuchora mipaka.
Picha mia na arobaini kwa mgonjwa mmoja,
kila moja unene wa punje ya mchele,
na katika kila picha nalizungusha doa mstari wa kijani:
hapa uvimbe,
hapa pafu,
hapa sijui.

Mashine haipokei sijui.
Inataka mstari ufungwe, mwanzo uume mkia wake.

Tumeilisha watu elfu nne,
walio hai na waliokwisha kuacha viatu mlangoni.
Tukaiambia: tazama, huyu dawa ilimkubali,
huyu ilimkataa. Kariri. Kesho utaulizwa.

Mwaka jana ikapata tisa kwa kumi.
Tukapongezana, keki ikakatwa.
Ndipo Dakta Sarwar akagundua haitazami uvimbe hata kidogo.
Ilikuwa inasoma herufi ndogo pembeni mwa picha,
alama ya skana kuukuu ya chini,
wanakopelekwa walio hoi, wasioweza kusimama.
Ilijifunza mlango mtu alioingilia,
si kilichomo kifuani mwake.
Nilicheka peke yangu. Nimewajua wenye kusoma hivyo,
nyuma ya vioo vya uwanja wa ndege,
pasi kwanza, uso baadaye.

Tukaifuta herufi. Tukaanza upya.

Leo ni Bi. Netta Gourlay, miaka sabini na minne.
Mama yake alisokota juti katika kiwanda
ambacho sasa ni fleti za watu wenye baiskeli ghali.
Nikamwambia babu yangu alikata mkonge Muheza,
mnyapara akihesabu mafungu.
"Kumbe sisi wa kamba moja," akasema,
akavua heleni. Pete ikagoma, tukaiacha.
Vuta pumzi. Ishikilie.
Akaishikilia kama maji viganjani.
Haya, pumua.

Namba ikatoka kabla ya chai: sifuri nukta tatu moja.
Yaani katika mia wenye kivuli kama chake
thelathini na mmoja dawa iliwakubali.
Haisemi yeye ni wa wapi, wa hao au wa wale waliobaki.
Haijui ameagiza mbegu za viazi.

Wahenga walimwonya mficha maradhi.
Anayefichiwa hesabu hawakumtaja.

Akanikuta koridoni, koti mkononi.
"Kompyuta yenu imesemaje?"
Si kazi yangu kujibu; kitambulisho shingoni kinasema hivyo.
Dakta atakuona Alhamisi, nikamwambia,
nikatazama viatu vyake, vimepigwa rangi kwa ajili yetu.
Hakukasirika.
"Mama alikuwa anasikia, kwa mlio wa mtambo tu,
uzi utakatikia wapi.
Na bado aliusokota."

Usiku nikairudia picha ya themanini na saba,
pale penye sijui.
Nikausogeza mstari ndani, upana wa unywele.
Namba ikapanda: tatu nne.
Nikaurudisha. Tatu moja.
Ndani. Nje. Ndani,
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa,
na mtu mzima wa miaka sabini na minne
akiwaka na kuzimika kidoleni mwangu.

Nikauacha ulipokuwa.
Chini yake nikaandika, kwa maneno ambayo mashine haisomi:
*Mpaka huu una shaka. Mtazame mwenyewe,
halafu mtazameni na mwenye kifua.*

Basi la saa mbili lilikuwa limenipita.
Nikasimama kituoni, baridi ikiniuma masikio,
nikihesabu majuma.
Viazi hupandwa mwisho wa Machi, alisema,
ardhi ikishalegeza meno.